"Hakuomba wakili": kisa cha Thomas dhidi ya Tanzania

Mwaka 1998, mahakama ya wilaya ya Rombo mkoani Kilimanjaro ilimtia Alex Thomas hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, ikampa miaka 30 jela. Kesi ilikuwa imefunguliwa mwaka 1996. Katika muda huo wote hakuwa na wakili. Upande wa mashtaka ulipofunga ushahidi na zamu yake ya kujitetea ikawadia, hakuwepo mahakamani kwa sababu alikuwa mgonjwa hospitalini. Kesi ikaendelea bila yeye, na hukumu ikasomwa bila mahakama kusikia neno lake la utetezi.

Alikata rufaa Mahakama Kuu, Moshi, ikatupwa. Akaenda Mahakama ya Rufani, nayo mwaka 2009 ikatupa rufaa yake. Akaomba mapitio, yaani mahakama hiyo hiyo iutazame upya uamuzi wake, akakaa anasubiri. Agosti 2013, akiwa gereza la Karanga, Moshi, alipeleka malalamiko yake Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Makao ya mahakama hiyo yapo Arusha, kilomita zipatazo 80 tu kutoka gerezani kwake. Kesi ilipewa namba 005/2013, na wanasheria wanaijua kwa jina la Alex Thomas dhidi ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Hukumu ilitoka tarehe 20 Novemba 2015.

Kama aliiba au hakuiba si hoja yangu hapa. Mahakama ya Afrika nayo haikumtangaza kuwa hana hatia. Kinachonirudisha kwenye kisa hiki kila mara ni jibu moja la Serikali, jibu ambalo sisi tunaofanya kazi ya msaada wa kisheria tunalisikia mpaka leo likitolewa kwa sauti ya upole kabisa: hakuomba wakili.

Kwanza tuitazame sheria aliyoikuta. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ilisema mshtakiwa katika mahakama yoyote ya jinai, isipokuwa Mahakama ya Mwanzo, alikuwa na haki ya kutetewa na wakili. Ukiisoma hivyo unaona haki kamili. Lakini hiyo ni haki ya mwenye pesa: mahakama haitamzuia wakili wako kuingia, na hapo ndipo inapokoma. Kwa asiye na pesa kulikuwa na sheria nyingine, ya mwaka 1969, ya msaada wa kisheria katika kesi za jinai. Kivitendo iliwafaa zaidi washtakiwa wa mauaji waliofikishwa Mahakama Kuu. Hao hupangiwa wakili kwa gharama za serikali, kwa kuwa mwisho wa kesi yao unaweza kuwa kitanzi. Mshtakiwa wa unyang'anyi wa kutumia silaha hushtakiwa mahakama ya wilaya, na huko alisimama peke yake.

Adhabu aliyokuwa anaikabili ilikuwa miaka 30, na hiyo ndiyo iliyokuwa ngazi ya chini. Sheria ya adhabu za chini ilishamfunga hakimu mikono. Akishaona kosa limethibitika hana pa kupunguzia, hata mshtakiwa awe kijana wa miaka 20 au baba wa watoto sita. Kila kitu kinaamuliwa kwenye ushahidi. Kwa hiyo pale ambapo wakili alihitajika kuliko pengine popote, yaani kupima ushahidi wa utambuzi, kuuliza shahidi alimtambuaje mtu gizani, kulinganisha maelezo ya polisi na yale yaliyosemwa kizimbani, palikuwa na mtu asiyejua hata aanzie wapi.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama ya wilaya siku nzima atanielewa. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Siruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, kwa hiyo mara nyingi nakaa nyuma na ndugu wa mshtakiwa, nasikiliza. Shahidi wa upande wa mashtaka akimaliza, hakimu humgeukia mshtakiwa: "Una maswali kwa shahidi?" Na karibu kila mara jibu ni hili: "Mheshimiwa, huyu shahidi anasema uongo. Mimi siku hiyo nilikuwa kwa shemeji." Hakimu anamwambia kwa haki kabisa, "Huo ni utetezi, utausema wakati wako. Sasa hivi uliza swali." Mshtakiwa ananyamaza. Anamtazama shahidi, anatazama chini, anasema, "Sina swali." Hakimu anaandika. Miaka ikipita, jaji wa rufaa atasoma kwenye karatasi kwamba shahidi wa pili hakuulizwa swali lolote. Kwa kanuni za ushahidi, shahidi asiyepingwa kwa maswali huhesabika kuwa amekubaliwa kwa aliyoyasema. Yule bwana hakukubali kitu. Aliambiwa aulize swali naye alikuwa na jibu tu.

Kisha kuna siku ya utetezi wenyewe. Hakimu akiona mshtakiwa ana kesi ya kujibu, sheria inamtaka amweleze haki zake: anaweza kutoa ushahidi kwa kiapo, anaweza kunyamaza, anaweza kuita mashahidi. Kwa mtu asiye na wakili, hiyo ndiyo saa pekee ya kusema chake, kwa sababu saa ya maswali imeshampita. Mtu wa Rombo ndiyo saa aliyoikosa. Kifungu kinachoruhusu mahakama kuendelea pale mshtakiwa asipoonekana baada ya mashtaka kufunga ushahidi kipo, na kina maana yake: bila hicho kila mwenye dhamana angekimbia siku ya mwisho. Lakini mwenye wakili akilazwa, wakili husimama na cheti cha hospitali mkononi, akaomba ahirisho. Kukosa wakili na kukosa kusikilizwa kunaonekana kama makosa mawili tofauti katika hukumu ile. Mimi nayaona kama kosa moja lililozaa lingine.

Tuje Arusha sasa. Malalamiko ya mfungwa yalipofika, msajili wa mahakama aliuliza kama Umoja wa Mawakili wa Afrika, PALU, wenye ofisi mjini humo humo, ungemsaidia. Walikubali. Mtu aliyehukumiwa miaka 30 bila wakili akampata wakili baada ya miaka kama kumi na tano ya kifungo. Nadhani hilo peke yake lilikuwa nusu ya ushahidi.

Serikali ilipinga kwa hatua, na hoja zake zinafaa kusomwa kwa makini kwa sababu hazikuwa za kipuuzi. Ilisema Mahakama ya Afrika haina mamlaka ya kukaa kama mahakama ya rufaa juu ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Ilisema mlalamikaji hakumaliza njia za ndani: suala la kunyimwa wakili hakuwahi kulileta kwenye rufaa zake, na angeweza pia kufungua shauri la kikatiba Mahakama Kuu chini ya sheria ya mwaka 1994 ya kutekeleza haki za msingi. Ilisema pia amechelewa. Na kwenye kiini cha kesi ikasema lile neno lake: msaada wa kisheria ni wa lazima kwenye kesi za mauaji. Katika kesi nyingine mshtakiwa huuomba, na huyu hakuuomba.

Zipange hoja hizo kwa mfuatano uone zinamfikisha wapi mfungwa. Hakupewa wakili kwa sababu hakuomba. Hakuomba kwa sababu hakujua kwamba anaweza kuomba. Angelijua hilo kama angekuwa na wakili. Kisha, kwa kuwa kwenye rufaa alizoandika gerezani hakuandika kwamba alinyimwa wakili, anaambiwa hawezi kulalamika kwamba alinyimwa. Na tiba anayoonyeshwa ni kufungua shauri la kikatiba, aina ya shauri ambalo hata mawakili wazoefu hulifungua kwa kusitasita, mbele ya majaji watatu wa Mahakama Kuu. Alifungue yeye, kutoka Karanga.

Mahakama ya Afrika ilikataa kuufuata mzunguko huo. Kuhusu mamlaka ilisema haikai kama mahakama ya rufaa, lakini ina kazi ya kuangalia kama mwenendo wa mahakama za nchi unaendana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ambao nchi yenyewe iliuridhia. Kuhusu njia za ndani ilisema haki ya kusikilizwa kwa haki ni mkusanyiko wa haki nyingi zinazokwenda pamoja. Mahakama za Tanzania zilikuwa na faili mbele yao, ziliona mtu hana wakili, ziliona alihukumiwa bila kujitetea, na zilikuwa na nafasi ya kulishughulikia hilo hata kama yeye hakulitaja kwa jina. Shauri la kikatiba ikaliita njia isiyo ya kawaida, ambayo hakulazimika kuipita. Kuhusu kuchelewa ikaeleza hali ya mlalamikaji jinsi ilivyo: si mwanasheria, ni fukara, yuko kifungoni, hana wakili. Kwa mtu wa hali hiyo, muda uliopita ulikuwa wa kueleweka.

Kisha ikafika kwenye lile neno. Mkataba wa Afrika, ibara ya 7(1)(c), unatoa haki ya kujitetea, ikiwemo kutetewa na wakili unayemchagua. Haitaji wakili wa bure. Lakini Tanzania iliridhia pia, tangu 1976, Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na ibara yake ya 14(3)(d) inataja mambo mawili ambayo yakisomwa pamoja yanaifuta hoja ya Serikali. Inasema asiye na wakili apangiwe pale maslahi ya haki yanapodai hivyo, bila malipo akiwa hana uwezo. Na inasema aarifiwe kuhusu haki hiyo. Mkataba umemwekea mshtakiwa haki ya kuambiwa. Basi wa kulianzisha jambo ni mahakama, si fukara aliyesimama kizimbani. Mahakama ya Afrika ilizisoma ibara hizo mbili pamoja, ikapima uzito wa kosa na wa adhabu ya miaka 30, ikasema mtu huyu alistahili wakili wa bure na mahakama ilipaswa kumpatia hata kama hakuomba. Ikakuta ibara ya 7(1)(a), (c) na (d) ya Mkataba wa Afrika zimevunjwa, pamoja na ile ya 14(3)(d).

Kwangu huo ndio moyo wa kisa. Mwaka uliofuata mahakama hiyo ilirudia msimamo huo katika kesi ya Mohamed Abubakari, naye mfungwa wa unyang'anyi wa kutumia silaha, na ikausema kwa ufupi zaidi: fukara anayeshtakiwa kwa kosa zito lenye adhabu kali anastahili wakili wa bure moja kwa moja, ameomba au hajaomba.

Ila hukumu si funguo za gereza. Mahakama haikuamuru aachiwe. Iliiagiza Serikali ichukue hatua zote za lazima kurekebisha yaliyovunjwa ndani ya muda unaofaa, ikakataza kuufungua upya utetezi au kuianzisha upya kesi, na ikataka taarifa ndani ya miezi sita. Naelewa kwa nini ilikataza kesi mpya: mtu alishatumikia sehemu kubwa ya kifungo, na kumrudisha kizimbani kungekuwa kumwadhibu mara ya pili. Lakini kwa kutoamuru chochote cha wazi, iliacha mlango wa malumbano. Serikali ilirudi Arusha kuuliza "hatua zote za lazima" ni zipi, na hukumu ya tafsiri ilitoka Septemba 2017. Kwa yule wa Karanga, karibu miaka miwili iliishia kwenye kuulizana maana ya maneno manne. Suala la fidia lilisubiri hadi mwaka 2019. Mimi nasema wazi kwamba hapo mahakama ilimwangusha kidogo mtu iliyemtetea vizuri sana kwenye hoja.

Nchini, mwaka 2017 Bunge lilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria, namba 1 ya mwaka huo, ikaifuta ile ya 1969. Zanzibar ikatunga yake mwaka 2018. Kwa sisi wasaidizi wa kisheria ilikuwa siku ya kupumua, maana kabla yake tulifanya kazi bila kutambuliwa, tukiitwa mawakili vishoka na watu waliotufahamu vizuri kabisa. Sheria ilitutambua, ikatuwekea msajili na masharti ya elimu, ikatukataza kutoza ada na kufanya kazi za wakili, na hayo nayakubali yote. Ilitaka polisi na magereza waweke utaratibu wa kuwafikishia mahabusu na wafungwa msaada wa kisheria. Na inayohusu kisa chetu: jaji au hakimu akiona maslahi ya haki yanahitaji mhusika asaidiwe, na kwamba hana uwezo wa kumlipa wakili, anaelekeza apatiwe mtoa msaada. Anayetakiwa kuona ni hakimu. Neno "hakuomba" limeondolewa kwenye karatasi.

Kwenye utekelezaji ndiko kazi iliko. Mzigo mkubwa unabebwa na asasi za kiraia, vitengo vya msaada vya vyuo vikuu na mawakili wanaojitolea, na mawakili wengi wako Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Dodoma. Ukitoka hapo kwenda mahakama ya wilaya ya pembezoni, hakimu anaweza kuona vizuri kwamba mtu anahitaji wakili, akakosa wa kumwelekeza. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, tangu 2023, imefika kwenye kata na vijiji ambako hapo awali hakukufika mtu, na nimeona akina mama wajane wakipata msaada ambao wasingeupata. Lakini meza za kampeni hiyo hujaa kesi za ardhi, mirathi, ndoa na matunzo ya watoto. Mshtakiwa wa jinai hawezi kuja kwenye meza iliyowekwa uwanjani. Yuko mahabusu.

Ndiyo maana tunakwenda wenyewe. Siku moja tuliingia gereza moja, tukakaa kwenye korido, wafungwa wakawa wanaletwa mmoja mmoja. Kijana mmoja alikuja na nakala ya mwenendo wa kesi yake, imekunjwa mara nne, pembe zimekatika. Alikuwa ameshafungwa na anataka kukata rufaa. Nikadhani atauliza kuhusu siku za kukata rufaa. Alifungua ukurasa wa kati, akaweka kidole kwenye mistari fulani, akasema, "Kaka, hapa ni mimi ninaongea. Nisomee nilisema nini." Alikuwa ametoa utetezi wake kwa Kiswahili, hakimu akauandika kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi ya mahakama za juu ya zile za mwanzo. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamefungwa asikoweza kuyafikia. Nilimsomea polepole. Sentensi ya tatu akanizuia: "Hiyo sikusema." Sikuwa na cha kumjibu. Tulikaa kimya, askari akagonga meza kuonyesha muda umekwisha.

Sheria ya lugha ilibadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na nimeanza kuona hukumu ambazo mshtakiwa anaweza kuzisoma mwenyewe. Kwa mtu asiye na wakili, badiliko hilo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, maana ndiye pekee aliyekuwepo mahakamani akijua alichokisema, na sasa anaweza kukikagua.

Njia ya Arusha, hata hivyo, imefungwa. Mfungwa wa Karanga aliweza kwenda moja kwa moja kwa sababu Tanzania, Machi 2010, iliweka tamko la kuruhusu watu binafsi na asasi kuifikia mahakama ile. Novemba 2019 Serikali ilitoa taarifa ya kuliondoa tamko hilo, na kuondolewa kukaanza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Mahakama bado iko Arusha. Mfungwa wa Moshi anayepitia yaleyale leo hawezi kuiandikia. Ninaamini uamuzi ule ulikuwa kosa, na tamko linapaswa kurudishwa. Mpaka lirudi, kila kitu kinategemea hakimu wa wilaya na dakika chache za mwanzo wa kesi.

Dakika hizo nimezisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuzisema usingizini. Karani anaita jina. Mshtakiwa anasimama. "Una wakili?" "Sina, mheshimiwa." Hakimu anaandika. Mwendesha mashtaka anasema shahidi wake wa kwanza yupo, naye anaitwa.

Mwaka jana, katika mahakama moja, nilikuwa nimekaa na mama wa kijana aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Tulijua yatakayofuata. "Una wakili?" "Sina, mheshimiwa." Hakimu akaandika, kisha kalamu ikasimama. Akainua kichwa. "Na uwezo wa kumlipa, unao?"

Kijana hakujibu. Aligeuka nyuma akamtafuta mama yake. Mama alikuwa ameshika pochi yenye nauli ya kurudi nyumbani, akatikisa kichwa. Hakimu alimwona. Akamwambia mwendesha mashtaka amrudishe shahidi nyumbani, akaahirisha kesi kwa siku 14, na karani akatuita mbele tuandike jina la kijana kwenye fomu.